Nyumba za Wazee Uganda: Utajuaje Kama Mzee Wako Anatunzwa Vizuri? Maswali Yanayoulizwa Kila Mara

Mama yangu amekaa nyumba mbili za wazee, ya kwanza miezi mitano tu, ya pili mpaka leo. Tangu hapo watu hawaachi kuniuliza, msibani, ndani ya teksi ya Bombo, na usiku wa manane kwenye simu kutoka kwa watu wa kyeyo, wale wanaofanya kazi nje, ambao wameshasahau huku ni saa ngapi. Maswali ni yale yale, nimeona niyaandike mara moja. Kama jibu liko kwenye swali lingine nitakwambia uangalie wapi, sirudii.

## Mwanzo kabisa

1. Nyumba ya wazee ni kama hospitali?

Hapana. Hospitali unaenda ukiugua, ukipona unarudi kwako, huku mtu anaishi. Analala pale, anakula pale, anagombana na jirani wa kitanda pale. Hapa Uganda ni chache. Inayojulikana na wengi ni ile ya masista pale Nalukolongo Kampala, ilianzishwa na Kadinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978, ndo ile Papa Francis aliingia Novemba 2015. Ile ni kazi ya huruma, si biashara. Halafu ziko za kulipia, na saa zingine ni nyumba ya kawaida tu ya kupanga, geti na vyumba sita, mtu akaingiza vitanda akaandika bango.

Kuna pia wanaoajiri mhudumu akaja nyumbani. Maswali ya 8 mpaka 13 yanamhusu na yeye vile vile.

2. Si aibu kumpeleka mama huko?

Wanaosema ni aibu waulize kama watakuja kumgeuza kitandani saa nane za usiku. Tuendelee.

3. Serikali inazipa nyota kama Marekani?

Marekani kweli wanazo, kuna tovuti ya serikali inaitwa Care Compare, kila nyumba iliyo kwenye mpango wao wa bima ya serikali inapewa nyota 1 mpaka 5 kwa kuangalia ukaguzi, idadi ya wafanyakazi na vipimo vya afya vya wakazi. England wana CQC, wanakagua na ripoti inawekwa wazi mtu yeyote aisome. Na hata huko mtu mwenye akili haendi na nyota peke yake, manake baadhi ya vile vipimo vinatokana na taarifa za nyumba yenyewe.

Hapa kwetu hakuna nyota. Mambo ya wazee yako Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, kuna sera ya wazee ya mwaka 2009, kuna sheria ya mwaka 2013 iliyoweka baraza la taifa la wazee na mabaraza mpaka chini, lakini hakuna mahali utafungua simu uone nyumba fulani imepata ngapi. Kwa hiyo mkaguzi ni wewe. Omba cheti cha usajili, omba leseni, na kama wanasema wana kliniki ndani omba karatasi ya kliniki. Halafu nenda kwa mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji) wa pale, kaa naye kidogo, huyo anajua ni mara ngapi watu wamekuja kulia getini na kama wafanyakazi wanalipwa au wanakopa unga dukani kila mwisho wa mwezi.

## Ukienda kuangalia

4. Niende saa ngapi?

Usiende saa waliyokupa. Au nenda hiyo, kunywa soda yao, sifu maua, alafu rudi siku nyingine bila kuwaambia. Saa nzuri ni ya chakula cha mchana na ile ya jioni kuanzia saa kumi na mbili wakati wanabadilishana zamu, na Jumapili ndo bora zaidi kwa sababu bosi hayupo. Wakikwambia kutembelea ni Jumamosi tu saa nne mpaka saa sita, uliza kwa nini. Kuna sababu za kweli, kwa mfano ugonjwa wa kuambukiza umeingia, lakini hiyo huwa ya muda.

Ukiwa mezani usiangalie sahani, angalia mikono. Nani analishwa, na anayelisha amekaa au amesimama? Mtu aliyesimama anamwaga chakula mdomoni haraka haraka akimbilie mwingine. Aliyekaa anasubiri mzee ameze.

5. Nikisikia harufu ya mkojo ndo basi?

Si lazima. Wazee wanakojoa, asubuhi saa moja nyumba yoyote ina harufu. Shida ni harufu ile ile saa nane mchana, kwenye godoro na kwenye kiti cha sebuleni, hiyo imekaa muda. Na mimi harufu kali ya Jiki inanitia wasiwasi kuliko ya mkojo, hasa kama ulipiga simu kwamba unakuja.

6. Wafanyakazi wangapi wanatosha?

Usiulize wako wangapi kwa jumla, watahesabu mpaka askari na mpishi. Uliza: usiku, saa tisa, nani yuko macho, na analala wapi?

Piga hesabu hii mwenyewe. Mzee asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe takriban kila masaa mawili. Kumgeuza vizuri, kumpangusa, kuangalia pampas na kunyoosha shuka, weka dakika kumi, na hapo nimekuwa mpole. Wakiwa kumi na wawili ni dakika mia na ishirini, yaani masaa mawili yenyewe. Msichana mmoja wa usiku akimaliza wa kumi na mbili anaanza tena wa kwanza, hajanywa chai, hajaitikia mtu anayeita, hajaenda chooni. Sasa nyumba ikikwambia wana wazee kumi na wawili wa kitandani na mhudumu mmoja wa usiku, hawajakuficha kitu, wamekwambia wazi kwamba hawageuzwi.

Uliza pia huyo msichana ameanza kazi lini. Ukikuta wote wana miezi miwili mitatu, watu wanakimbia hapo, na wanaokimbia wanajua kitu.

7. Nasi (muuguzi) wa kweli nitamjuaje, si wote wanavaa gauni la wodini?

Gauni linauzwa mjini kwa mtu yeyote. Nasi Uganda anasajiliwa na Baraza la Manasi na Wakunga, ana namba na ana leseni yenye tarehe ya kuisha. Muulize kwa heshima, "sista, naomba kuona leseni", aliye nayo hakasiriki. Wahudumu wa kawaida wasio manasi si wabaya, wengi ndo wanaofanya kazi yote na wana mkono mzuri, tatizo ni pale mhudumu anapoachiwa kuchoma insulini au kuingiza mpira wa mkojo kwa sababu nasi anakuja Jumanne tu.

## Mwili wa mzee wenyewe

8. Vidonda vya kulala nitavionaje mapema?

Hili ndo swali ningependa kila mtu aulize kwanza, badala ya kuuliza kama kuna DSTV.

Vua soksi. Kisigino ndo mahali pa kwanza, kwa sababu hakuna anayevua soksi. Halafu mfupa wa juu ya makalio, nyonga mbili, viwiko, nyuma ya kichwa, na nyuma ya masikio kama ana mpira wa oksijeni. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, ukisubiri wekundu utakuta shimo. Tafuta mahali pameiva rangi kuliko jirani yake, peusi zaidi au kama zambarau, pitisha mgongo wa mkono usikie kama pana joto au pagumu au pamelegea kama embe lililopondeka, na umuulize kama panauma. Bonyeza kidogo kwa kidole, uachie, pasipobadilika rangi hata kidogo mwite nasi hapo hapo.

Kidonda kimoja si ushahidi kwamba wanamtesa, mzee aliyekonda sana mwenye kisukari anaweza kukipata hata akitunzwa vizuri. Ushahidi ni wao wanajua nini. Uliza: kilianza lini, kina upana gani, nani anakisafisha, mnamgeuza saa ngapi. Wakikujibu na daftari sawa. Mimi kwenye nyumba ya kwanza niliuliza kuhusu kisigino cha mama, metroni akainama kuangalia akasema "eh!". Yaani alikiona siku hiyo pamoja na mimi.

9. Amekonda, wanasema ni uzee tu. Kweli?

Uzee haukondeshi mtu ndani ya mwezi. Nyumba nzuri inapima uzito kila mwezi na inaandika. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: akipoteza asilimia 5 ndani ya mwezi mmoja, au 10 ndani ya miezi sita, daktari amuone. Mama wa kilo 60 akishuka mpaka 57 mwezi mmoja, hiyo tayari ni asilimia 5.

Kabla ya daktari angalia mdomo. Meno ya bandia yako wapi? Mara nyingi yako kwenye kikombe droo ya chini na mama anapewa posho ngumu na nyama. Matoke laini na mchuzi wa karanga anakula, uji wa mtama anakunywa, kwa hiyo si kwamba hana hamu, hawezi kutafuna. Na akikohoa kila akinywa maji waambie, kumeza kumeharibika, hasa aliyepata kiharusi, chakula kinaingia kwenye mapafu. Asilishwe amelala hata siku moja.

10. Jana alinijua, leo ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Ameanza kusahau?

Kusahau kwa uzee kunakuja polepole. Kuchanganyikiwa kwa ghafla, siku moja au mbili, mara nyingi ni ugonjwa mwilini: amekaukiwa maji, mkojo una maambukizi, nimonia, sukari imeshuka, dawa mpya, au malaria, na mzee anaweza kuwa mgonjwa kabisa bila joto kupanda sana kwa hiyo usikubali "hana homa". Damu ipimwe malaria na sukari, mkojo upimwe, leo, si Jumatatu.

Maji ni kitu kidogo ambacho kinasahaulika. Mama alikuwa na kikombe cha plastiki cha bluu, kimejazwa maji vizuri mpaka juu, kimefunikwa, kimewekwa dirishani. Asubuhi kimejaa, jioni kimejaa. Kwenye chati wameandika amepewa maji, na hawakudanganya, walimpa, ila dirisha liko hatua mbili kutoka kitandani na mama hatembei. Angalia kikombe kiko wapi na mkono wa mzee unafika wapi.

11. Nikienda analala tu, mchana wote. Ni kawaida?

Kusinzia kidogo baada ya kula sawa. Kulala saa nne, saa saba na saa kumi, ulimi mzito, udenda, hapana. Omba chati ya dawa usome kila jina, piga picha umpelekee daktari au mfamasia unayemwamini. Kuna nyumba zinampa mzee msumbufu dawa ya usingizi au ya wagonjwa wa akili ili zamu ya usiku ipumzike, na dawa hizo zinaongeza kuanguka. Kila dawa iwe na mtu aliyeiandika na sababu. "Inamtuliza" si sababu, uliza inamtuliza kutoka nini.

Angalia pia upande wa pili, dawa ya presha ambayo inatakiwa kuwa imebaki vidonge kumi na unakuta ishirini na tano. Hesabu vidonge, haichukui dakika mbili.

12. Wanamfunga kitandani asianguke, wanasema ni usalama wake.

Simpendi anayefunga mtu, nisifiche. Mzee aliyefungwa kwa leso anapambana, anajinyonga, anakojoa pale, misuli inakufa, na akifunguliwa ndo anaanguka vibaya zaidi. Kuna njia nyingine: kitanda kishushwe chini, godoro liwekwe sakafuni pembeni, taa ya chooni ibaki imewaka, apelekwe chooni kabla hajaamka mwenyewe kwenda. Ukiona alama kwenye vifundo vya mikono piga picha yenye tarehe halafu nenda swali la 18.

13. Pampas, nitajuaje kama inabadilishwa?

Chukua kalamu. Andika saa kwenye ukanda wa pampas, kidogo tu. Rudi jioni. Mimi niliandika 10, yaani saa nne asubuhi, nikarudi jioni saa kumi na moja na nusu, 10 yangu iko pale pale, wino umesambaa kwa unyevu. Ndo siku tuliyoanza kutafuta nyumba ya pili.

Na uliza kwanza kwa nini amevalishwa. Wengine waliingia wanatembea kwenda chooni wenyewe wakavalishwa kwa sababu ni rahisi kwa wahudumu.

## Lugha, dini, chakula

14. Bibi yetu anaongea Kinubi na Kiswahili tu, wahudumu wote wanaongea Kiganda. Ni tatizo?

Ni kubwa kuliko godoro. Mama naye ni wa Kinubi na Kiswahili, mtoto wa kambi ya jeshi, Kiganda alikijua vizuri sokoni miaka yote, lakini kichwa kilipoanza kuchoka lugha ya mwisho kuingia ndo ilianza kutoka. Akawa anasema "naumwa" na kwenye faili wanaandika anapiga kelele. Anasema "mavi" anaomba kupelekwa choo, wao wanadhani anatukana!

Si lazima kila mhudumu ajue. Tafuta angalau mmoja kwa kila zamu, alafu andika maneno ishirini kwenye karatasi ubandike juu ya kitanda: maji, choo, baridi, inauma, njaa, geuza, hapana. Kinubi upande mmoja, Kiganda upande mwingine. Ilifanya kazi kuliko vikao vitatu na mkurugenzi.

15. Sisi ni Waislamu, nyumba ni ya Wakristo. Watamheshimu?

Mama yuko kwenye nyumba ya Wakristo sasa hivi na sina lalamiko. Uliza vitu vyenyewe badala ya kuuliza "mnaheshimu dini?" maana wote watasema ndiyo: nyama inanunuliwa wapi na kama imechinjwa halali, nani atamletea maji ya udhu, Ramadhani dawa zake zinapangwaje kama daktari ameruhusu afunge, na mama anaogeshwa na nani. Hilo la mwisho liandikwe kwenye faili, anaogeshwa na mwanamke. Na akifariki usiku wa saa saba, wampigie nani mara moja, asipelekwe mochwari akakaa siku mbili huku sisi tunataka kuzika.

## Hela

16. Ada inajumuisha nini?

Hapa ndo wengi wanalizwa. Bei ya mwezi inatajwa kwa sauti, vya ziada kimya kimya: pampas, glavu, dawa, vipimo, gari la kwenda hospitali, mtu wa kukaa naye wodini, na unajua hospitali zetu bila mtu wa kukaa na mgonjwa mambo hayaendi. Omba orodha ya maandishi kabla ya kulipa. Lipa kwa benki au mobile money ya nyumba, si namba ya simu ya mtu, na udai risiti. Uliza pia akifa au akihama katikati ya mwezi wanarudisha nini.

17. Hela ya SAGE aichukue nani?

Ni yake. Ile ruzuku ya wazee ya serikali imekuwa shilingi 25,000 kwa mwezi, wanaolipwa nchi nzima wamekuwa wenye miaka 80 na zaidi, inapita benki na inahitaji kitambulisho cha taifa. Ni kidogo lakini ni sabuni na sukari yake. Kama nyumba inasaidia kuichukua sawa, lakini iandikwe kila ikiingia na imenunua nini, na kitambulisho kirudi mikononi mwenu. Ukikuta metroni ana vitambulisho vya wazee wote kwenye mfuko wa nailoni, uliza maswali.

## Yale magumu

18. Nikilalamika si watamtesa nikiondoka?

Woga huu ni wa kweli, hata mimi nilinyamaza miezi miwili nikinunulia wahudumu soda. Anza na jambo moja, kwa metroni, kwa upole, alafu mtumie ujumbe siku hiyo hiyo: "asante kwa mazungumzo ya leo, tumekubaliana mama atageuzwa kila masaa mawili na iandikwe." Sasa kuna maandishi. Tafuta familia nyingine mbili tatu mnaotembelea hapo, mkiongea pamoja hawajui wamlipizie nani, na mgawane siku za kwenda.

Isiposaidia nenda kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa divisheni au sabukaunti, na baraza la wazee la wilaya. Nasi akikosea, Baraza la Manasi na Wakunga linapokea malalamiko. Akipigwa, akifungwa au akiguswa vibaya, hayo ni ya polisi, na akachunguzwe na daktari kabla hajaogeshwa.

19. Niko nje, siwezi kuja. Nikague vipi kwa video?

Usipige saa mliyopanga, na usikubali uso peke yake. Uso unapanguswa na kupakwa vaseline ndani ya dakika moja. Sema, "naomba kuona miguu yake, toa soksi." Halafu "nionyeshe kikombe cha maji", "geuza kamera kitanda cha jirani." Mwombe akae wima. Na mlipe mtu mmoja wa hapa, binamu, jirani wa zamani, mtu wa msikitini, aende bila taarifa na aje na picha ya chati ya dawa. Nauli ya boda mara mbili kwa mwezi ni pesa ndogo ukilinganisha na ile unayotuma.

20. Kaka yangu amekuja na karatasi za shamba, anataka mzee asaini akiwa humo.

Msiruhusu asaini wakati amechanganyikiwa, na waambie nyumba kwa maandishi kwamba hakuna karatasi ya kusaini bila watoto wengine kujua. Wosia unahitaji mzee awe na akili timamu na mashahidi wasiopungua wawili. Wafanyakazi wa nyumba wasiwe warithi, hilo halihitaji hata wakili. Mengine muoneni wakili.

21. Ana kansa, anaumia, nyumba inasema wanampa panadol. Hamna kingine?

Kipo, na mnachelewa kukiomba. Hospice Africa Uganda pale Makindye, wanaotuliza maumivu ya wagonjwa kama huyu, ilianzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, na Uganda ni kati ya nchi za Afrika zilizotangulia kwa mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu, ile ya maji kwenye chupa. Manasi waliosomea kazi hii wanaruhusiwa kisheria kuiandika, si lazima daktari. Nyumba nzuri ina namba zao ukutani. Akianza mofini muanzishieni na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo, manake inafunga tumbo.

22. Nataka kumhamisha lakini wanasema nina deni, hawamtoi.

Mzee si rehani. Deni ni kati yako na nyumba, andikianeni namna ya kulipa, na wakimshikilia mwite mwenyekiti wa LC1 na polisi waje wasimame hapo. Nenda asubuhi, si jioni, ukiwa na gari tayari.

Usitoke bila hivi: nakala ya chati ya dawa, vidonge vyenyewe, kitambulisho, meno, miwani, na karatasi ya uzito wa mwisho. Sisi tulisahau meno. Niliyarudia kesho yake, yalikuwa droo ya chini kama nilivyosema, kwenye kikombe kilichoandikwa jina la mtu mwingine.